Barua ya kuondoa kuku: ni sheria ipi hasa inayokuhusu?

Jumamosi moja asubuhi mama wa nyumba ya tatu kutoka kwetu aliingia uani akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliitikia shikamoo yangu, akanikabidhi ile karatasi. "Mwanangu, hebu nisomee hii taratibu." Ilikuwa barua fupi yenye mhuri. Ilimtaka aondoe "mifugo" yote nyumbani kwake ndani ya siku saba, la sivyo hatua za kisheria zingechukuliwa. Mifugo yenyewe ni kuku kumi na wanane, wengine wa kienyeji na wengine chotara, kwenye banda la mbao na wavu lililoegemea ukuta wa jirani. Mayai ya kuku hao ndiyo yanayomnunulia mjukuu wake madaftari.

Swali lake lilikuwa moja: "Kwani kuku wamekatazwa mjini?"

Nilishindwa kumjibu hapo hapo, na sababu ilikuwa ndani ya barua yenyewe. Haikutaja sheria, kifungu, wala kosa. Tangu siku hiyo nimezisoma sheria zinazogusa jambo hili, nimeketi na maofisa wa afya na wa mifugo, na nimegundua kwamba swali la mama, ambalo ndilo swali la karibu kila mfugaji wa mjini, halina jibu la ndiyo au hapana. Kuna sheria kadhaa zinazomgusa kuku wa mjini, kila moja kwa sababu yake, na anayetaka kufuga kwa amani inabidi ajue ipi inamhusu yeye.

Nianze na Tanzania Bara, kwa kuwa ndiko barua ile ilikoandikwa. Zanzibar ina sheria zake za serikali za mitaa.

Juu kabisa zipo sheria zilizotungwa na Bunge. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982 inazipa halmashauri za miji, manispaa na majiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inashughulika na kero zinazohatarisha afya. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inahusu matumizi ya kiwanja, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inahusu taka na uchafuzi, na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inahusu milipuko na usafirishaji. Ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inayomlinda kuku mwenyewe dhidi ya mateso. Ukizipitia zote hizo hutakuta kifungu kinachosema kuku ni marufuku mjini. Katazo, kama lipo mahali ulipo, utalikuta kwenye sheria ndogo za halmashauri yako, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Sheria ndogo zinatofautiana. Anayeishi Ubungo akimwuliza shemeji yake wa Arusha au Mwanza kama kufuga kunaruhusiwa, atapewa jibu la Arusha au la Mwanza. Hata ndani ya Dar es Salaam kuna mamlaka tano: Jiji lenyewe, ambalo kabla ya 2021 eneo lake lilikuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja inatunga zake. Ukivuka barabara moja tu unaweza kuwa umetoka mikononi mwa sheria ndogo moja na kuingia katika nyingine.

Na sheria ndogo haiwi sheria kwa sababu imetamkwa. Halmashauri hutangaza nia ya kuitunga ili wakazi watoe maoni na pingamizi, madiwani huipitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiridhia, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo. Tangazo la kipaza sauti mtaani haliwi sheria ndogo. Azimio la kikao cha mtaa ni makubaliano mazuri ya majirani, na ni vyema kuyaheshimu, lakini peke yake halitoshi kumtoza mtu faini. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza, kwa heshima na kwa sauti ya chini, ni hili: "Naomba nijue ni sheria ndogo ipi, na kifungu gani." Ofisa anayeijua kazi yake hachukii kuulizwa. Nakala huwa kwa mwanasheria wa halmashauri, mara nyingi kwenye ofisi ya kata, na siku hizi baadhi ya halmashauri huziweka kwenye tovuti zao.

Ukiipata, usikimbilie ukurasa wa adhabu. Soma kwanza kifungu cha tafsiri, kile kinachoeleza maana ya maneno. Neno "mifugo" limebeba mzigo mkubwa pale. Sheria ndogo nyingi za mijini ziliandikwa zikiwa na ng'ombe na mbuzi akilini, wale wanaozurura barabarani, wanaokula maua ya bustani na kusababisha ajali. Hata Kanuni za Kilimo Mijini za 1992, zilizotungwa chini ya sheria ya mipangomiji ya wakati ule, zilihesabu ng'ombe: wasizidi wanne kwa mfugaji, na wafugwe ndani bila kuachiwa malishoni. Tafsiri nyingine huwataja kuku na bata waziwazi, nyingine huishia kwa wanyama wa miguu minne, nyingine hukataza kuzurura tu na si kufuga. Kuku aliye ndani ya banda na kuku anayeparura kwa jirani ni mambo mawili tofauti mbele ya sheria, hata kama ni kuku yule yule.

Inafaa kukumbuka pia kwamba watu wa mjini hawakuanza kufuga jana, wala hawakuanza kwa kuvunja sheria. Mwaka 1974 serikali yenyewe ilihimiza kilimo cha kufa na kupona, na katika miaka ya 1980, mishahara ilipopoteza thamani, watumishi wa umma walifuga kuku nyuma ya nyumba za kota ili mwezi uishe. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya 2000 ilikitambua kilimo cha mjini kama shughuli inayohitaji kupangwa. Mtu akikuambia kufuga mjini ni tabia ya kishamba, mweleze kwa upole kwamba sera za nchi hazisemi hivyo.

Tuje sasa kwenye kero, maana hapa ndipo kesi nyingi za kuku zilipo, na hapa ndipo mfugaji ana uwezo mkubwa wa kujiokoa mwenyewe.

Hata pale ambapo sheria ndogo haijakataza kuku, sheria ya afya inabaki. Namna nzuri ya kuielewa ni kutazama maneno ya sheria ya jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kwa kuwa yameandikwa kwa uwazi mkubwa. Kifungu cha 118 kinaorodhesha mambo yanayohesabiwa kuwa kero, na miongoni mwake ni jengo la kuwekea wanyama au ndege ambalo limejengwa, limewekwa mahali, linatumiwa au linatunzwa kwa namna inayochukiza au kuhatarisha afya. Hebu lisome tena polepole. Kuku hakutajwa kuwa kosa. Kinachoangaliwa ni banda, na linaangaliwa kwa njia nne: lilivyojengwa, lilipokaa, linavyotumika, linavyotunzwa. Ofisa wa afya wa Tanzania akiingia uani kwako naye anaangalia hayo hayo, ingawa anafanya kazi chini ya sheria nyingine. Ana mamlaka ya kukagua na kukupa notisi ya kuondoa kero ndani ya muda fulani. Kinachotakiwa kuondoka ni kero. Ikiwa kero inaweza kuondolewa kuku wakabaki, hiyo ndiyo hoja yako.

Kwa hiyo tuzungumze harufu. Kinyesi cha kuku kikiwa kikavu hakinuki sana. Kikilowa, bakteria huvunjavunja asidi ya mkojo iliyomo na kutoa amonia, ile harufu kali inayochoma macho. Maana yake adui wa mfugaji wa mjini ni maji: chombo cha kunyweshea kinachovuja, bati lenye tundu, sakafu iliyo chini kuliko ua. Tandiko la maranda au pumba za mpunga lenye kina cha sentimita tano hadi kumi, linalogeuzwa mara kwa mara na kubadilishwa linapolowa, linafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya kunukia. Msongamano nao huleta unyevu. Kuku wakubwa watano au sita kwa mita moja ya mraba wanatosha. Nimeingia kwenye mabanda ya mjini yenye mara mbili ya hao na nikatoka machozi yakinitoka. Jirani aliyelalamika alikuwa na haki kabisa.

Nzi nao wana hesabu zao. Kwenye joto letu, yai la nzi huchukua takriban siku saba hadi kumi kuwa nzi kamili. Anayezoa kinyesi kila wiki na kukifunika anaukata mzunguko kabla haujakamilika, na anayezoa mara moja kwa mwezi amefuga nzi pamoja na kuku. Samadi yenyewe ina wateja, wanaolima mchicha na matembele mabondeni huinunua kwa furaha, kwa hiyo hakuna sababu ya kuirundika ukutani. Chakula kilichomwagika usiku huita panya, na panya ni jambo ambalo ofisa wa afya halisamehi.

Jogoo ndiye mlalamikiwa wa kipekee. Anawika kwa saa iliyo ndani ya mwili wake, si kwa sababu ameona mwanga tu, na ndiyo maana kulitia giza banda hakumnyamazishi kabisa. Halafu kuna jambo ambalo wafugaji wengi wapya hawalijui: matetea hutaga bila jogoo. Unamhitaji ukitaka vifaranga, si ukitaka mayai. Kwenye nyumba zilizobanana, zenye mgonjwa au mtoto mchanga upande wa pili wa ukuta, mimi ningemchinja jogoo Ijumaa hii hii nikampelekea jirani paja. Sheria za kelele zipo, ila jambo hili linatakiwa kuisha kabla hazijaguswa.

Idadi hubadilisha kila kitu. Kuku kumi na wanane wa mama yule ni kitoweo na hela ya madaftari. Kuku wa nyama mia tano kwenye kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya makazi ni biashara, na biashara ina maswali mengine: leseni, matumizi ya kiwanja kama yalivyoandikwa kwenye hati, utupaji wa taka na uchinjaji. Sheria ya mipangomiji haipendi kiwanja cha makazi kigeuzwe kuwa kitu kingine bila kibali cha mamlaka ya upangaji. Mstari kati ya kujikimu na biashara hauchorwi sawa kila mahali, kwa hiyo ukifikia hatua ya kuagiza vifaranga kwa mamia, nenda mwenyewe kwa ofisa mifugo wa kata kabla hajaja yeye kwako. Wengi wanaogopa kujitokeza, wakidhani wanajichongea. Nimeona kinyume chake: mfugaji anayejulikana ofisini akilalamikiwa hukaguliwa, asiyejulikana huandikiwa barua ya kuondoa.

Ofisa huyo huyo ndiye wa kumwita kuku wanapokufa ghafla kwa wingi. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kufagia mtaa mzima kwa siku chache, na sheria ya magonjwa ya wanyama inataka milipuko itolewe taarifa. Chanjo ya I-2 inawekwa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, bei yake ni ndogo, na majirani watatu wenye kuku wachache wanaweza kununua kichupa kimoja wakachanja siku moja. Mizoga ifukiwe kwa kina au ichomwe, isitupwe mtaroni. Mzoga wa kuku mtaroni ni ushahidi ambao hakuna wakili atakayekusaidia kuueleza.

Mpangaji ana sheria nyingine tena, iliyo karibu zaidi: mkataba wake. Halmashauri inaweza kukuruhusu, mwenye nyumba akakataa, na yeye ndiye atakayeshinda ikiwa mkataba umesema hivyo. Wanaoishi kwenye maghorofa yenye hati za sehemu ya jengo, chini ya sheria ya 2008 kwa Tanzania au ile ya 2020 kwa Kenya, wana kanuni za umoja wa wamiliki wa jengo. Huko kuku wa kwenye roshani ana nafasi finyu sana.

Kwa wasomaji wa Kenya, ngazi zimepangwa kwa namna yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kilimo pamoja na ufugaji, udhibiti wa magonjwa ya wanyama, na udhibiti wa kelele na kero nyingine za umma. Kwa hiyo jibu la kama unaruhusiwa linatafutwa kwenye sheria za kaunti yako, pamoja na ile Sura ya 242 inayobana nchi nzima. Kaunti ya Nairobi ilitunga mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, jambo ambalo naliona kuwa la heshima, kwa kuwa linamtoa mfugaji katika kujificha na kumweka katika kusimamiwa. Anayefuga Githurai, ambako mpaka wa Nairobi na Kiambu unapita katikati ya watu, ajue kwanza yuko upande wa kaunti gani. Askari wa kanjo wa upande mmoja hana kazi upande wa pili. Kampala nayo ilipitisha mwaka 2006 sheria ndogo za kilimo cha mjini na za mifugo zenye utaratibu wa vibali, na waliolifuatilia jambo hilo wanajua kwamba lilianza kwa wafugaji na maofisa kukaa meza moja.

Turudi kwenye barua. Ukipokea kama ya mama yule, usiichane na usiwahi kuuza kuku kwa bei ya hasara kesho yake. Iandikie jibu fupi, lenye tarehe, ukiomba kutajiwa sheria na kifungu, na ukiomba ofisa wa afya na wa mifugo waje kukagua. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Wakati unasubiri, shughulikia kila kitu ambacho pua ya jirani inaweza kukilalamikia, na upige picha kabla na baada. Ukiambiwa ulipe faini, lipa kwa kumbukumbu namba ya serikali na upewe risiti. Faini inayoingia mfukoni mwa mtu haifuti kosa lako, na kesho anaweza kuja mwingine. Kama hamuelewani, mtendaji wa kata yupo, baraza la kata lipo kwa usuluhishi, mkurugenzi wa halmashauri anapokea malalamiko, na diwani wako ndiye aliyepiga kura kwenye sheria ndogo hiyo. Mahakama ni mlango wa mwisho, nao hugharimu kuliko kuku wote ulionao.

Muda wote huo, nenda kwa jirani. Karibu kila barua ya aina hii huanza na mtu mmoja aliyechoka na harufu au kelele, akaona haya kusema ana kwa ana, akaenda ofisini.

Mama alikwenda nami ofisi ya kata Jumatatu. Alivaa kanga mpya, akabeba barua ndani ya mfuko wa nailoni. Mtendaji alitafuta jalada, akatuonyesha sheria ndogo iliyokusudiwa: ilihusu mifugo inayozurura. Kuku wake hawakuwa wakizurura. Lakini ofisa wa afya alipokuja Jumatano, alisimama nyuma ya banda kwa muda mrefu, akaweka kiganja ukutani, akakiondoa kikiwa na unyevu. Maji ya banda yalikuwa yamepenya hadi upande wa pili, kwenye chumba anacholala mtoto wa jirani mwenye pumu. Mama hakuwa akijua. Aliketi kwenye kigoda akanyamaza.

Banda lilihamishwa hadi upande wa mwembe, likainuliwa juu ya matofali, likawekwa maranda. Jogoo aliliwa. Notisi ya pili, hii ikiwa na kifungu, ilimpa siku kumi na nne za kukausha ukuta, na mwanawe alipiga lipu kwa siku mbili. Kuku waliobaki ni kumi na saba, na kila Jumapili trei moja ya mayai huvuka kwenda kwa jirani kwa bei ya nusu, makubaliano yaliyofikiwa mlangoni bila barua.